Jenerali Aliyeondoka na Deni

Ukishuka kituo cha Posta Mpya ukakata kuingia Samora, kwenye mzunguko utakutana na yule askari wa shaba. Yupo pale tangu 1927, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Sisi wa mji huu hatumtazami tena. Tunamtumia kuelekezana tu: "Nipo hapa Askari, wewe umefika wapi?" Juzi nilimsubiri mtu hapo zaidi ya nusu saa, na kwa kukosa la kufanya nikayasoma maandishi yaliyo chini ya sanamu. Yapo ya Kiingereza, yapo ya Kiswahili cha hati ya Kiarabu, yapo ya Kiswahili cha herufi za Kirumi. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi wamepewa mstari. Shaba ni ya askari.

Sanamu ile waliiweka Waingereza, walioshinda vita. Lakini mwombe mtu yeyote anayesoma habari za vita ile akutajie jenerali mmoja, hatakutajia Mwingereza. Atakutajia Mjerumani aliyekuwa akifukuzwa, Paul von Lettow-Vorbeck. Miaka minne alizungushana na majeshi ya Uingereza, India, Afrika Kusini, Ubelgiji na Ureno, kutoka Tanga hadi Msumbiji hadi Zambia ya leo, na siku aliposalimu amri, vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma. Hapo ndipo lilipozaliwa neno linalomfuata mpaka leo: hakushindwa.

Ninalobishana nalo ni neno hilo. Si la uongo. Ni la kweli kama daftari la duka ambalo mwenyewe ameandika mauzo yote, ila ukurasa wa madeni kauchana.

Alizaliwa 1870 mjini Saarlouis, mtoto wa afisa, akakulia katika vyuo vya jeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Boxer. 1904 akapelekwa Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, yaani Namibia, akawa afisa msaidizi kwenye makao ya Lothar von Trotha. Wengi wanaosimulia maisha yake hupita hapo mbiombio, kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake. Trotha ndiye aliyetoa ile amri ya Oktoba 1904 kwamba kila Mherero, kabila la wenyeji wa huko, atakayekutwa ndani ya mpaka, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi, na huku maelfu walikuwa wameshasukumiwa kwenye nyika kavu ya Omaheke wafe kwa kiu. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Lettow-Vorbeck hakuwa mtoa amri, lakini alikuwa kwenye ofisi ya mtoa amri, na katika kumbukumbu alizoandika uzeeni aliutetea ukali ule. Namibia ilimwachia jicho lililojeruhiwa vibaya. Ilimwachia pia somo kuhusu nini kinawezekana kufanyiwa watu weusi bila mtu kuulizwa Berlin.

Basi aliposhuka Dar es Salaam Januari 1914, luteni kanali wa miaka 43, hakuwa mgeni wa vita vya Afrika. Jeshi alilokabidhiwa, Schutztruppe, lilikuwa dogo: Wajerumani mia mbili na kitu, na askari Waafrika wasiozidi 2,600. Vizazi vya mwanzo vya askari hao walikuwa Wasudani na watu waliotolewa Msumbiji. Kufikia 1914 wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo wa bara. Kazi yao kabla ya vita haikuwa kulinda mpaka. Ilikuwa kukusanya kodi ya kichwa na kuadhibu vijiji. Miaka saba tu nyuma jeshi hilohilo ndilo lililomaliza Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala ya kusini mpaka njaa ikafanya kazi ambayo risasi zisingeiweza.

Vita vilipotangazwa, mkubwa wake kisheria alikuwa gavana, Heinrich Schnee, na Schnee hakutaka vita. Alishikilia Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa makoloni ya ukanda huu kubaki nje ya vita vya wenyewe huko Ulaya. Lettow-Vorbeck aliliona jambo hilo kwa jicho jingine: koloni lisingeokoka kwa vyovyote, basi litumike kuwavuta askari wa adui mbali na Ulaya. Gavana akasema hili, yeye akafanya lile. Wasifiaji wake huliweka hilo kwenye hesabu ya ushujaa. Haki isemwe, Waingereza nao hawakuwa na nia ya kutuacha tukae. Agosti 8, 1914 walikuwa wameshaipiga Dar es Salaam kwa mizinga ya meli kwa sababu ya mnara wa redio. Lakini kumbuka kipimo alichojiwekea yeye mwenyewe. Hakusema atalinda nchi, wala watu wake. Alisema atawachosha Waingereza. Nchi ilikuwa uwanja tu.

Tanga ndiyo iliyompa jina. Novemba 2, 1914 zilitia nanga meli zilizobeba askari kama 8,000 kutoka India, wamechoka na bahari, wengi hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Kabla ya kushambulia, kapteni wa manowari ya Fox akashuka pwani kumjulisha mkuu wa wilaya Mjerumani kwamba mapatano ya kuiacha Tanga salama yamevunjwa, akauliza kama bandari imetegwa mabomu, akarudi melini. Ustaarabu huo uliwapa Wajerumani muda. Lettow-Vorbeck akawateremsha askari wake kutoka Moshi kwa treni ya Usambara, kampuni baada ya kampuni, wakafika kama elfu moja hivi. Wavamizi waliposonga kwenye mashamba na vichaka vya pembeni mwa mji, risasi zikapasua mizinga ya nyuki iliyokuwa juu ya miti. Kiswahili chetu hapa kina raha yake: mzinga ni mzinga. Nyuki waliwauma wote bila kubagua bendera, ila Waingereza ndio waliokuwa wamelala chini wazi, na baadaye magazeti yao yakaandika kwamba Wajerumani waliwategea wadudu. Tarehe 5 wakaondoka, wameacha zaidi ya 800 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea. Wameacha pia bombomu 16, bunduki kwa mamia na risasi 600,000. Kwa vifaa hivyo jeshi la Lettow-Vorbeck likajivika upya.

Hapo sina ubishi. Alikuwa afisa hodari mno. Anaamua haraka, anatembea kwa mguu na watu wake, anaugua malaria na kuinuka, hajali cheo cha mtu anapotaka jambo. Hata ukimchukia huwezi kusoma Tanga bila kutikisa kichwa.

Miaka miwili iliyofuata koloni lililofungiwa bahari liligeuka karakana. Kwenye taasisi ya utafiti ya Amani, kule Usambara, walichemsha magome ya mkwinini wakatoa maji machungu ya kutibu malaria ambayo wanajeshi waliyabatiza jina la kamanda wao. Manowari ya Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake ilivuliwa, ikafungwa magurudumu, ikaburutwa bara. Mmoja wapo ukitaka kuuona uko Mombasa, Fort Jesus. Pesa zilipokwisha, Tabora wakafua zao wenyewe mwaka 1916: sarafu za shaba za heller 20 na 5, na ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Neno letu la "hela" limetoka kwenye heller hiyo ya Mjerumani. Tunalitamka kila siku sokoni na hakuna anayemkumbuka Kaizari. Mfua sarafu alimaliza kazi kwa wakati, maana Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora, na baada ya hapo malipo ya askari yakaja kugeuka ahadi. Shika hilo neno, ahadi, tutarudi kwake.

Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyewaongoza wapiganaji wa Uingereza, alipoingia 1916 na jeshi kubwa kutoka kaskazini, Lettow-Vorbeck alirudi nyuma: Kilimanjaro, Pare, reli ya kati, Morogoro, Rufiji, halafu kusini. Huwa anaitwa baba wa vita vya msituni, na hapo wasifiaji wanapitiliza. Sehemu kubwa ya mapigano yake ilikuwa ya kawaida kabisa, handaki kwa handaki, bombomu kwa bombomu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi, Oktoba 15 hadi 18, 1917. Siku nne. Upande wa Waingereza walianguka kama 2,700 kati ya waliokufa na waliojeruhiwa. Upande wake mia tano na kitu. Kwa hesabu ya siku ile alishinda vibaya sana. Kwa hesabu ya mwezi ule alikuwa amekwisha: risasi zilikuwa zimeteketea, na watu mia tano kwake walikuwa theluthi ya waliopigana. Mwezi uliofuata akachuja kikosi chake, akawaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi waokotwe na adui, akavuka Ruvuma na askari kama 1,700. Ukiangalia nani alikuwa kwenye mahandaki ya Mahiwa, utaona Wanigeria, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) kutoka Kenya, Nyasaland (Malawi ya leo) na Uganda, Wahindi, na mbele yao Wanyamwezi na Wasukuma. Ndugu kwa ndugu, kila mmoja na mzungu wake.

Mwanamgambo wa msituni kwa maana tunayoijua sisi hulala nyumba ya mwanakijiji, akala kwake, kwa sababu mwanakijiji anataka ashinde. Lettow-Vorbeck hakuwa na mwanakijiji. Alikuwa na maghala ya watu. Kila alipopita alivuna, na alichoshindwa kubeba alikichoma ili Mwingereza asikikute. Mwingereza naye alipofika alichukua kilichosalia. Daktari wake mwenyewe, Ludwig Deppe, aliyetembea na kikosi hicho, aliandika 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa, na kwamba hawakuwa tena wabeba ustaarabu. Njia yao ilijulikana kwa vifo, uporaji na vijiji vilivyohamwa. Hayo hayakuandikwa na mzalendo wa Kiafrika wa miaka ya 1960. Ni ya mtu aliyekuwemo kwenye safari.

Ugogo wana jina la walichopitia: Mtunya. Ni kinyang'anyiro. Majeshi yote mawili yalipita pale kwenye reli ya kati yakachukua ng'ombe, mtama na vijana wa kubeba, mvua zikakataa, na kati ya 1917 na 1920 watu walikufa kwa makumi ya maelfu kwenye nchi ambayo haikuwa na uwanja wa mapambano wa kujivunia. Katikati ya njaa hiyo mafua ya 1918 yakawakuta waliobaki wakiwa mifupa. Wanahistoria wanaokadiria vifo vya raia katika koloni zima kwa vita na njaa yake wanafika hadi 300,000. Ukitia tarakimu hiyo kando ya majeruhi wa Mahiwa, unajiuliza vita vyenyewe vilipiganwa wapi.

Halafu wapagazi. Nchi ya ndorobo hairuhusu farasi wala punda; kila mkebe wa nyama, kila sanduku la risasi, kila kitanda cha afisa kilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi anayekwenda wiki mbili anakula mzigo wake mwenyewe njiani, kwa hiyo anahitaji mpagazi mwingine wa kumbebea chakula, na huyo naye anahitaji wake. Ndiyo maana Waingereza waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na huku kwetu. Waliokufa, kwa takwimu zao rasmi, ni zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara damu, baridi, na unga waliopewa bila muda wala kuni za kuupika. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni mdomo wa Kiswahili ukitamka jina la kikosi chao cha wabeba mizigo, Carrier Corps. Upande wa Mjerumani hakuna hata Kariakoo. Mamia ya maelfu walitwishwa, wanaume, wanawake na watoto, lakini hakuna aliyeweka daftari. Wengine walikamatwa kijijini na kufungwa kamba wasitoroke usiku. Mzungu aliyekufa Mahiwa unaweza kupata jina lake, cheo na tarehe. Mpagazi wa Lettow-Vorbeck hana hata namba.

Novemba 13, 1918, karibu na mto Chambeshi, akapata habari kwamba vita vimesimamishwa Ulaya siku mbili nyuma. Novemba 25 akakabidhi silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155, askari wasiofika 1,200, na wapagazi kiasi cha 1,500 pamoja na wanawake na watoto. Bunduki zilitupwa kwenye ziwa Chila. Kwao alikuwa ameshapandishwa cheo kuwa meja jenerali. Askari hawakuwa wamelipwa tangu mwaka uliotangulia. Walipewa karatasi za kueleza wanachodai.

Je, lengo lake lilitimia? Alitaka kuwazuia askari wasiende Ulaya. Ukikagua nani walimfukuza, wengi walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, na hasa KAR waliokuzwa mpaka kufikia kama 35,000. KAR isingepelekwa Ufaransa hata vita hivi visingekuwepo. Uingereza haikuwa tayari kuwapeleka watu weusi kupigana na Wazungu ndani ya Ulaya. Alizuia meli, alimwaga fedha ya adui kwa wingi, hilo ndiyo. Lakini askari aliowavuta zaidi ni wale ambao ingebidi wabaki Afrika hata hivyo, na waliowabebea ni wakulima wa Afrika. Waliolipia mpango wa kuiokoa Ujerumani walikuwa Wagogo.

Mbona basi akawa shujaa? Tazama Berlin ya Machi 1919. Nchi imeshindwa, Kaizari amekimbia, njaa mitaani, na hapo anapita Lango la Brandenburg afisa mwenye kofia ya koloni akiongoza kikosi kilichorudi kutoka Afrika. Ujerumani ilikuwa na hamu kubwa ya mtu mmoja ambaye hakushindwa, kwa sababu tayari ulikuwa unapikwa uongo kwamba jeshi halikushindwa vitani bali lilisalitiwa na raia wa nyuma. Yeye alikuwa ushahidi unaotembea. Na Waafrika wake walikuwa ushahidi wa pili. Huko Versailles iliandikwa kwamba Wajerumani hawafai kutawala makoloni kwa ukatili wao. Jibu lao likawa: wangekuwa wakatili, hao askari wangewafuata mpaka mwisho? Ndipo akazaliwa "askari mwaminifu", anayetabasamu kwenye kadi za posta na vitabu vya watoto. Wale waliotoroka, na walikuwa maelfu, hawakuingia kwenye picha. Wala wale waliotekwa wakaandikishwa KAR, wakageuza bunduki na kuendelea na kazi. Askari alikuwa mtu wa mshahara. Alikuwa na mke, watoto, mtumishi na heshima ya sare, na alipiga hesabu yake kila kukicha: nikibaki napata nini, nikiondoka nakamatwa na nani. Kumwita mwaminifu ni kumnyang'anya akili.

Shujaa mwenyewe hakukaa nje ya siasa. Julai 1919 aliongoza vikosi vilivyoingia Hamburg kuzima ghasia za wafanyakazi wenye njaa. Machi 1920 akaunga mkono mapinduzi ya Kapp dhidi ya serikali iliyochaguliwa, yaliposhindwa akatolewa jeshini. 1928 hadi 1930 akakaa bungeni kwa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Kwa Wanazi hadithi ina pande mbili, na wanaomtetea huishika moja: kwamba hakujiunga na chama chao, na kwamba alikataa ubalozi wa London. Upande wa pili ni kwamba jina lake liliwafaa sana na yeye hakulizuia. Kambi za jeshi zikaitwa kwa jina lake, na 1939 akapewa cheo cha heshima. Wanawe wawili walikufa katika vita vilivyofuata. Hilo ni msiba wa mzazi, sitalitia kwenye hesabu.

Ila wakati huohuo Berlin alikuwepo Mtanganyika mmoja ambaye kwangu ndiye mizani ya mambo haya yote. Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani wakimwita Bayume Mohamed Hussein, alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari. Vita vilipoanza aliingia jeshini na baba yake, mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 alifika Berlin, baada ya kufanya kazi melini, akaenda wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa amechelewa. Akabaki: mhudumu kwenye jumba la starehe, mwigizaji wa vijisehemu vya watumishi na machifu kwenye filamu, msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa. Picha zake zipo, kijana mtanashati mwenye sare ya askari, amesimama kwenye mikutano ya watu waliotaka koloni lao lirudi. Walimhitaji pale kama ushahidi. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akatiwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo Novemba 1944. Berlin sasa imemwekea kijiwe cha shaba barabarani, cha ukubwa wa kiganja.

Huyo ndiye askari mwaminifu. Alitembea na jeshi la jenerali, akavuka bahari kudai chake, na nchi iliyomwonyesha jukwaani ikamuua.

Jenerali aliishi hadi miaka 93. Mwaka 1953 alirudi kututembelea, Waingereza wakampokea kwa heshima, na bandarini Dar es Salaam wazee waliokuwa askari wake walikuja kumlaki. Nayaamini machozi yao. Mtu akikutana na ujana wake huwa analia, hata kama ujana wenyewe ulikuwa wa kuchoma maghala. Alifariki Hamburg Machi 9, 1964. Kwenye maziko walikuwepo askari wawili wazee walioletwa kwa ndege, na mwenye kutoa hotuba alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Gare kule Usambara. Akalirudia lile neno, hakushindwa.

Sasa Ujerumani wenyewe wamegawanyika juu yake. Kambi ya Leer iliyokuwa na jina lake ilibadilishwa 2010. Hannover walifuta barabara yake baada ya kesi mahakamani, ikawa Namibia-Allee. Hamburg wana bustani wanayoiita Tanzania-Park, yenye michongo ya enzi za Wanazi iliyotolewa kwenye kambi ya jina lake, mmoja ukimwonyesha afisa Mjerumani na askari nyuma yake, na mwingine wapagazi, na ugomvi kuhusu bustani hiyo haujaisha tangu ilipofunguliwa 2003. Kubadili majina ni sawa, lakini angalia wanachokijibu: wanajibu Namibia ya 1904. Rais Steinmeier alipokuja Songea Novemba 2023 akaomba radhi, alikuja kwa ajili ya Maji Maji. Mtunya haina barabara, haina radhi, haina hata mabishano. Vifo vya 1905 vina mhalifu wa kumwonyesha kidole. Vya 1917 viligawanywa kati ya majeshi mawili mpaka vikakosa mwenyewe, na sisi wenyewe shuleni tulivisoma kwa aya moja, tena iliyokuwa inaeleza kwa nini Tanganyika ikawa ya Mwingereza.

Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Ulikuwa mwaka wenyewe wa Muungano, na Zanzibar ilikuwa imeshawakaribisha Wajerumani wa Mashariki. Sisemi fedha zile zilikuwa za siasa, nasema zilifika wakati mzuri. Kisa cha malipo kimesimuliwa mara nyingi. Ilifunguliwa ofisi ya muda Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wachache walikuwa na zile karatasi za 1918, wengine walikuja na vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Mlipaji akapata wazo: kila mzee akisogea mbele anakabidhiwa ufagio, kisha anapewa kwa Kijerumani amri za kushika bunduki. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea.

Ni kisa kizuri, na kila anayekisimulia hukomea hapo, kwenye ufagio ukiruka begani. Mimi nawafikiria wazee wa umri uleule waliokuwa Mwanza siku ile, waliokwenda na jeshi lilelile kutoka Tabora mpaka Ruvuma wakiwa na kilo 25 kichwani. Hao hawakufundishwa amri yoyote. Wangesogea mbele kwa yule bwana wangepewa nini washike?